Unatoka parokia gani?

Bibi ninayemhudumia ana kidude chake cha mbao. Anakiweka kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa na vifungo vya makoti, kimekaa kama kijitabu, vibao viwili vimeshikwa na bawaba, ukivibamiza vinatoa mlio mmoja mkavu, ta!, kama mtu kakuvunjia kijiti sikioni. Mimi mwanzoni nilidhani ni cha kubangulia karanga. Siku moja akanikuta nakichezea, akaninyang'anya, akakipiga mara moja, akasema "simama", akakipiga mara mbili, akasema "goti", na uso wake ukawa mkali ghafla mpaka nikajikuta nimesimama kweli.

Kilikuwa cha sista. Sista hakuwa anapoteza maneno kanisani, alikuwa anapiga tu hicho kidude, na watoto sitini na mbili wanainuka kama mtu mmoja. Sitini na mbili, darasa moja, sista mmoja! Bibi ameanza darasa la kwanza 1952 hapa hapa Brooklyn, na mpaka leo ukimwuliza kitu kuhusu mtu yeyote wa zamani, hakwambii alikaa mtaa gani, anakwambia alikuwa wa parokia gani. Siku yangu ya kwanza kazini aliniuliza naishi wapi, nikamtajia mtaa, akatikisa kichwa kama nimemjibu swali jingine. "Hapana mwanangu, parokia gani?"

Basi swali hilo limenikaa kichwani, na siku zangu za off, badala ya kulala kama watu wenye akili, nimekuwa nazunguka kusoma mawe ya msingi. Wale walioniona nimeinama pembeni ya kanisa natoa theluji kwenye jiwe kwa glovu nadhani waliniombea.

Kwa wasiojua, New York ina boro tano, na boro ni kama wilaya ya jiji, ila Brooklyn yenyewe ilikuwa jiji kamili mpaka ilipounganishwa na New York tarehe 1 Januari 1898, na kuna watu hapa bado hawajalisamehe jambo hilo. Lakini miaka ya 1820 ilikuwa kijiji tu ng'ambo ya mto. Wakatoliki wachache waliokuwepo, wengi Waayalandi, Jumapili walikuwa wanapanda boti kuvuka East River kwenda kusali Manhattan, kwenye kanisa la St. Peter's la Barclay Street, na baridi la huku mnalisikia tu kwenye simulizi, sasa weka na boti na upepo na mtoto mgongoni. Mwezi wa kwanza 1822 jamaa mmoja anaitwa Peter Turner akawaandikia wenzake barua kwamba jamani tujenge letu. Na kilichonishangaza ni hiki, sababu ya kwanza aliyoitaja sio misa, ni watoto, kwamba tunataka watoto wetu wafundishwe dini yetu, halafu ndio akaja kwenye habari ya sisi wakubwa kusali karibu na nyumbani. Kanisa likajengwa Jay Street, likawekwa wakfu 1823, ndilo St. James, la kwanza la Kikatoliki kwenye kisiwa chote cha Long Island. Jengo la sasa sio lile la mwanzo lakini mahali ni pale pale, karibu kabisa na daraja la Manhattan, treni zinapita juu ya daraja zinanguruma wakati padri anahubiri.

Kwa hiyo tangu siku ya kwanza shule na kanisa vilikuwa pacha, na kama ungemwuliza Turner yupi kulwa ungeshangaa jibu lake.

Lakini kwa nini wahangaike kujenga shule zao wakati shule za bure zilikuwepo? Hapa ndipo watu wengi, hata Wakatoliki wenyewe wa huku, hawakumbuki. Zile shule za umma za New York wakati huo ziliendeshwa na chama cha Waprotestanti kwa fedha za serikali, watoto walisoma Biblia ya Kiprotestanti kila asubuhi, na vitabu vingine vilikuwa na maneno ya kumtukana Papa na Waayalandi waziwazi. Askofu John Hughes, Mwayalandi mwenye hasira za kutosha jimbo zima, kuanzia 1840 akaingia ulingoni kudai mgao wa hizo fedha kwa ajili ya shule za Kikatoliki. Mgao hakupata. Alichopata ni sheria ya 1842 iliyokataza mafundisho ya dhehebu lolote kwenye shule zinazolipwa na serikali, yaani alipiga mechi mpaka uwanja ukafungwa kwa timu zote. Baada ya hapo msimamo ukawa mmoja, tutajenga wenyewe, kwa senti zetu. Na senti ni senti kweli, za mabeki tatu na wapakua mizigo bandarini.

Mwaka 1853 Brooklyn ikapata jimbo lake, askofu wa kwanza John Loughlin, naye Mwayalandi (mtazoea). Jimbo lilikuwa linameza Long Island nzima. Mwaka huo huo kikatokea kisa ambacho mimi nakipenda kuliko vyote. Masista wanne Wadominiko walitoka Regensburg, Ujerumani, wameitwa kwenda kufundisha watoto wa Wajerumani huko Pennsylvania. Wakashuka kwenye meli New York, wakasubiri mwenyeji. Mwenyeji hakuna. Hebu nyie mliowahi kufika nchi ya watu na namba ya simu isiyopokelewa mnielewe hapa, maana mimi iliponikuta nilikaa uwanja wa ndege masaa sita na begi langu, na mimi Kiingereza nilikuwa nacho! Wale masista wakaishia Williamsburg, ambayo leo ni sehemu ya Brooklyn, kwa padri mzee anaitwa Raffeiner, aliyeanzisha parokia ya Most Holy Trinity mwaka 1841 kwa ajili ya Wajerumani. Padri akawapa pa kulala, na kwa kuwa alikuwa na watoto wengi kuliko walimu, akawapa na darasa. Pennsylvania hawakufika tena. Kutokana na wale wanne likazaliwa shirika zima la Wadominiko wa Amityville, lililofundisha vizazi na vizazi vya Brooklyn. Kwa sababu mtu fulani hakwenda bandarini.

Wengine waliitwa kabisa. Masista wa Huruma walifika 1855, Masista wa Mtakatifu Yosefu 1856 wakaanzia Williamsburg, mabruda Wafransisko kutoka Ayalandi 1858 na mwaka uliofuata wakafungua shule Baltic Street ambayo ndiyo imekuja kuwa St. Francis College.

Loughlin naye alikuwa na ndoto ya kanisa kuu. Jiwe la msingi likawekwa 1868 pale Fort Greene, mchoraji Patrick Keely, yule fundi wa makanisa wa zama hizo, liwe kubwa la kutisha. Kuta zikapanda kidogo, zikasimama. Miaka ikaenda, askofu akafa 1891, kuta zimesimama vile vile, nyasi zinaota juu. Fedha zilikuwa zinakwenda kwenye makanisa ya mitaani, shule na vituo vya yatima, na meli zilikuwa hazijaacha kushusha watu. Mwishowe miaka ya 1930 wakabomoa hata zile kuta, wakajenga sekondari mahali pale pale na kuipa jina lake, Bishop Loughlin. Nilisimama nje ya ile shule mchana mmoja wakati watoto wanatoka, kelele, mabegi, mmoja anakula chipsi anamkimbiza mwenzake, na karibu wote ni weusi, wazazi wao wa Karibi, nikasema askofu wangu, kanisa lako hili hapa.

Mwaka 1884 maaskofu wote wa Marekani walikutana Baltimore wakatoa amri kwamba kila parokia iwe na shule ndani ya miaka miwili. Miwili! Haikutimia kila mahali, lakini ndiyo maana ukitembea Brooklyn unakuta ule mpangilio wa aina moja kila baada ya mitaa michache, kanisa, nyumba ya mapadri, shule ya matofali, nyumba ya masista. Shule zenyewe zina milango miwili, juu yake wamechonga kwenye jiwe wavulana upande huu, wasichana ule. Bibi anasema mlango wa wavulana ndio ulikuwa karibu na duka la peremende na jambo hilo limemuuma kwa miaka sabini.

Sasa, mtu akitembea Williamsburg na Greenpoint anajiuliza, hawa watu walikuwa wanasali kiasi gani mpaka kanisa liangaliane na kanisa? Nilijiuliza sana. Kumbe sio kusali, ni lugha. Mjerumani alikuwa hataki kuungama dhambi zake kwa Kiingereza cha Mwayalandi, na nani atamlaumu. Mpolandi hakutaka za Mjerumani. Kwa hiyo Wajerumani Most Holy Trinity na minara yake miwili, Walithuania wana Annunciation, Wapolandi wa Greenpoint wakaanzisha St. Stanislaus Kostka 1896, ambako kardinali mmoja wa Kraków alipita 1969, na miaka tisa baadaye mgeni wao yule ndiye akawa Papa Yohane Paulo II. Wanamkumbusha kila mtu, na mimi ningekumbusha.

Waitaliano ndio walioteseka. Waayalandi waliokuwa wameshika parokia waliwaona kama Wakatoliki nusu nusu, washirikina wa sanamu na maandamano, mara nyingi wakawekwa kusali chini, kwenye ghorofa ya ardhini, juu misa ya wenyewe. Ndipo wakajenga yao. Mount Carmel ya Williamsburg ni ya 1887, na watu waliotoka mji wa Nola karibu na Napoli wakaleta sherehe yao ya Mtakatifu Paulino, kuanzia 1903 mpaka leo kila Julai wanaume zaidi ya mia wanabeba mabegani mnara wa zaidi ya mita ishirini, na juu yake kuna sanamu ya mtakatifu, na bendi nayo imepanda humo humo kwenye mnara inapiga! Nilikwenda kuona. Mzee mmoja ana nundu begani kama ya ng'ombe, ananionesha kwa fahari, anasema ni ya mnara, baba yake alikuwa nayo pia. Na usidhani walikuwa watakatifu wote, Al Capone kafunga ndoa kanisani St. Mary Star of the Sea, Court Street, tarehe 30 Desemba 1918, nalo liko wazi mpaka leo, unaingia tu.

Na weusi je? Hapo simulizi inapungua utamu. Makanisa yote hayo na mtu mweusi Mkatoliki alikuwa anaoneshwa benchi la nyuma, au mlango. Padri mmoja, Bernard Quinn, aliyerudi kutoka vita ya kwanza ya dunia huko Ufaransa, akamwomba askofu ruhusa ya kuanzisha parokia kwa ajili yao, na 1922 ikafunguliwa St. Peter Claver, Bedford-Stuyvesant. Kisha akaenda Wading River, mashambani Long Island, kununua mahali pa kulelea yatima weusi. Nyumba ikachomwa moto. Akajenga tena. Ikachomwa tena. Walioshukiwa ni wale wa Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi, waliokuwa wanavaa mashuka meupe. Mara ya tatu akajenga kwa matofali na zege. Jimbo limeshafungua kesi ya kumtangaza mtakatifu, na mimi nikiulizwa, yule wa zege ndiye mtakatifu wangu wa Brooklyn.

Ngoja niseme nililotaka kusema tangu mwanzo, maana nikikutana na Wakatoliki wazee wa huku maelezo yao ya kwa nini shule zimefungwa ni moja tu, watu wameacha imani. Mimi sikubali. Nimekaa na bibi na makaratasi yake, nikamwuliza ada ilikuwa shilingi ngapi, samahani, dola ngapi, akaniangalia kama mwehu. Ada gani? Parokia ndiyo ililipa, kutoka kwenye bahasha za sadaka za Jumapili. Na parokia iliweza kulipa kwa sababu yule sista wa watoto sitini na mbili hakuwa na mshahara wa maana, alipewa hela ya kujikimu, tena sio yeye, shirika lake. Huo ndio ufundi wote. Mwaka 1920 zaidi ya asilimia 90 ya walimu wa shule za Kikatoliki Marekani walikuwa watawa, leo hawafiki asilimia 3. Masista walikuwa kama 180,000 mwaka 1965, sasa hawafiki 40,000 na wengi wana umri wa bibi. Ukiwaondoa hao ukaweka mwalimu mwenye familia, kodi na bima, hesabu inalala palepale. Wakajaribu kuomba serikali isaidie mishahara, Mahakama Kuu ya nchi ikakataa 1971. Basi ada ikapanda, watoto wakapungua, ada ikapanda tena kwa sababu watoto wamepungua. Nchi nzima walikuwa zaidi ya milioni 5 katikati ya miaka ya 1960, sasa hawafiki milioni 2.

Na wale masista waliofanya kazi miaka hamsini bila mshahara walizeeka bila akiba. Tangu 1988 kila Desemba makanisani wanapitisha kikapu maalumu kwa ajili ya watawa wazee. Bibi huwa anatia noti ya dola hamsini, yeye ambaye ananigombeza nikinunua mayai ya bei, na vidole vyake viliwahi kupigwa rula na hao hao masista. Simwelewi, namwelewa.

Kweli, watu pia waliondoka. Baada ya vita wanaume waliorudi walipata mikopo nafuu ya nyumba, barabara kuu zikapasua mitaa, Mount Carmel yenyewe kanisa lake lilibomolewa kupisha barabara kuu wakajenga jingine, na wazungu wakahamia Long Island mashambani kwa wingi hivi kwamba mwaka 1957 ikabidi jimbo likatwe, kaunti za huko za Nassau na Suffolk zipewe jimbo lao. Mikopo hiyo weusi walinyimwa, kwa hiyo tusiite kuhama, tuite kuchaguliwa. Hata timu yao ya besiboli, Dodgers, iliondoka mwaka huo huo, na bibi akisimulia huwa sijui analilia kipi zaidi. Na kuna ya mapadri na watoto, ambayo ilifichwa miaka mingi mpaka sheria ya serikali ya jimbo la New York ya 2019 ikawapa waathirika mlango wa kwenda mahakamani, na wengi wamekwenda. Bibi hilo halizungumzii, anakunja mdomo anawasha televisheni.

Siku hizi majengo yana maisha mengine. Our Lady of Loreto kule East New York, lililojengwa na mafundi wa Kiitaliano kwa mikono yao, lilibomolewa 2017. Williamsburg kuna kanisa limegeuzwa apatimenti, madirisha ya rangi mtu anaanika taulo. Bishop Ford, sekondari iliyopewa jina la askofu mzaliwa wa Brooklyn aliyefia gerezani China 1952, ndiyo maana jengo lina kipaa juu kama cha hekalu la Kichina, ilifungwa 2014. Shule za parokia zilizobaki nyingi zimegeuzwa akademia zenye bodi za walei, yaani waumini wa kawaida wasio mapadri wala watawa.

Lakini ingia Flatbush Jumapili uone. Misa ya Kikrioli cha Haiti, hakuna pa kukaa, akina mama wamevaa nyeupe, ngoma. Mhaiti Guy Sansaricq, aliyetumikia hapa miaka mingi, mwaka 2006 akawa askofu wa kwanza mzaliwa wa Haiti nchini Marekani, akafariki 2021. Kihispania misa ya saa sita, Kiingereza saa nne, kanisa lile lile, na wanagombania ukumbi wa chini kama Wajerumani na Waayalandi. Imani ipo tele. Ila yule mama wa Haiti ni mlezi wa wazee kama mimi, mshahara wake naujua kwa sababu ndio wangu, na ada ya akademia ya mtoto mmoja inakula miezi kadhaa ya huo mshahara. Angempata yule sista wa bure mtoto wake angekuwa pale kesho asubuhi.

Mwezi uliopita nilimpeleka bibi kwenye parokia yake ya utotoni, alikuwa hajakanyaga miaka. Nikamsukuma na kiti chake mpaka mbele, misa ilikuwa ya Kihispania, watoto wa komunio ya kwanza wanafanya mazoezi baadaye, kama ishirini hivi, hawasikii la mtu, katekista kijana wa watu kapauka kwa kupiga kelele. Bibi akafungua pochi. Sikujua kama alikuwa nacho. Ta!

Watoto wote wakageuka wakamwangalia, kimya. Mmoja akacheka. Bibi akapiga mara mbili, hakuna aliyepiga goti, wakabaki wanashangaa, kisha kasichana kamoja ka mbele kakaja kuomba kukishika, na bibi, ambaye mimi alininyang'anya, akampa.

Mpaka tunatoka kalikuwa bado kanakipiga, na katekista ananiangalia vibaya mimi.